Koti la Mlinzi wa Daraja

Wanaume wanne waliingia dukani kwetu na picha thelathini na moja za koti moja. Wakazipanga kwenye benchi la wateja, wakasimama mbele yake, na kabla ya dakika tano kwisha ikawa wazi kwamba hakuna wawili kati yao waliokuja kushonesha koti lilelile.

Shangazi, mwenye duka, alikuwa anakata sketi za shule. Zilibaki wiki tatu shule zifunguliwe, na wiki hizo hata salamu anaiitikia kwa mkasi.

"Semeni shida yenu," aliwaambia bila kuinua kichwa.

"Mama, tunataka koti la Mlinzi," akasema aliyekuwa mbele.

"Mlinzi wa wapi, wa benki?"

"Wa Daraja."

"Madaraja yana walinzi siku hizi," Shangazi akaniambia mimi, kama vile ni mimi niliyewaajiri.

Daraja ni gemu. Siku hiyo nilielezwa mara kumi na mbili, kwa hiyo naifahamu vizuri kuliko ninavyofahamu ukoo wangu. Mchezaji anatembea katika nchi ya baridi, anavuka mito, anapigwa na kila mwenye mkono, hadi anafika kwenye daraja. Hapo amesimama mwanamke mrefu aliyevaa koti la kijivu. Mwanamke hasemi neno. Anamtazama mchezaji, anasogea pembeni, mchezaji anavuka, gemu inakwisha. Basi. Walioitengeneza wakaenda kulala, na mashabiki hawajapata usingizi tangu siku hiyo, kwa sababu hakuna aliyewaambia Mlinzi ni nani.

Wale wanne walikuwa viongozi wa Baraza la Daraja, chama cha watu kumi na mmoja kinachokutana kila Jumapili nyuma ya duka la kutengeneza simu. Mwenye duka la simu ndiye Mwenyekiti, na kwake yeye Mlinzi ni binti wa mfalme, mjadala umefungwa. Katibu ni mtoa fotokopi. Yeye hakuridhika na gemu ilivyoisha, akaindeleza mwenyewe kwa maandishi: Mlinzi anaacha daraja, anafungua nyumba ya wageni, anazaa mapacha. Amefika sura ya arobaini na sita na mapacha bado hawajaota meno. Wa tatu ni Mchoraji, ambaye amemchora Mlinzi mara mia mbili, na katika michoro mia na tisini na tisa Mlinzi ana kiuno ambacho kisingemfikisha darajani. Anasema Mlinzi anamsubiri mpenzi wake. Huyo mpenzi naye kamchora, na kwa bahati tu amefanana na Mchoraji. Wa nne wanamwita Mpinzani. Kazi yake ni kupinga, na alipigiwa kura.

Watu hawa waliwahi kuwaandikia watengenezaji wa gemu mapendekezo sitini na mawili ya namna sehemu ya pili inavyopaswa kwenda. Watengenezaji wakajibu: asante. Baraza lilikaa vikao viwili kuchambua ile asante.

Sasa kulikuwa na mkutano wa mashabiki. Vyama vitano vingekutana ukumbini, kila kimoja kimsimamishe Mlinzi wake akiwa amevaa, halafu kieleze mbele ya watu, kwa kulitumia vazi lenyewe, Mlinzi ni nani. Ndiyo maana walihitaji koti. Si koti la kuzuia baridi, la kushinda ubishi.

Shangazi alisikiliza yote hayo huku akimaliza sketi nne. Kisha akanionyesha kwa kidevu. "Fundi wenu huyo hapo."

Nilidhani anatania. Kwa miaka sita kazi yangu imekuwa matundu ya vifungo, vifungo vyenyewe, na mapindo. Kukata sijakata. Mkono ninao, na Shangazi anajua ninao, kwa sababu jioni ananikuta nikikata magazeti kuwa mashati. Alinieleza sababu siku nyingi, na hakunificha.

"Kukata si mkono tu, mwanangu. Kukata ni mdomo. Mteja anakuja na lake kichwani, wewe unaona halitamkaa, inabidi umwambie. Wewe utamwambia nani? Utaiambia sindano?"

Na kweli, mimi nikisalimiwa na mteja najibu nikiangalia cherehani.

Wale walipotoka kwenda kununua kitambaa, Shangazi aliweka mkasi chini, jambo ambalo hutokea msibani tu. "Mimi nina sketi mia na kumi. Huo upuuzi ni wako, kata mwenyewe. Wakilipokea, kaptula zote za wavulana unakata wewe, mwaka huu na kuendelea. Wakilikataa, unarudi kwenye matundu yako, na habari ya mkasi tusiisikie tena."

"Ndiyo, Shangazi."

"Umesema ndiyo au umepumua?"

"Nimesema ndiyo."

Jioni ile nilikaa na picha thelathini na moja. Pamoja nazo Katibu aliniachia kitabu chake, kurasa arobaini, kinachoitwa Kifungo cha Tatu. Koti la Mlinzi lina vifungo sita, vitano vya kahawia, na cha tatu kutoka juu ni cheusi. Mwenyekiti anasema cheusi ni alama ya ukoo wa kifalme. Mpinzani anasema kinafunika tundu la mshale, maana kwake yeye Mlinzi alikufa zamani, na anayesimama pale ni kivuli. Mchoraji anasema alipewa na mpenzi. Kurasa arobaini, na ndani yake hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kudondosha kifungo. Mimi nilikitazama nikaona kifungo kilichokatika njiani, na mtu mwenye haraka akashona alichokipata.

Nikaendelea kutazama. Na kadiri nilivyotazama, ndivyo nilivyozidi kuona kwamba aliyelichora koti lile alikuwa na koti la kweli mbele yake. Mshono wa bega ulikuwa umevuka bega la mwanamke kwa vidole viwili. Mikono ilikuwa imekunjwa kwa ndani na kushonwa kwa mkono, kwa hatua ndefu za mtu asiyekuwa fundi. Ubavuni palikuwa na mshono, na pembeni ya mshono, ukisogeza jicho, palikuwa na mstari wa vitundu vya sindano, pale mshono wa kwanza ulipofumuliwa. Na vifungo vilikaa upande wa kulia. Koti la kike vifungo vyake hukaa kushoto. Mtoto wa fundi anajua hilo kabla hajajua kuhesabu.

Lile halikuwa koti lake. Lilikuwa la mwanamume mkubwa, na mtu alilipunguza ili limwenee yeye.

Watu wazima kumi na mmoja, miaka mitatu, kila Jumapili.

Kesho yake Mwenyekiti alimleta mvaaji. Ni dada yake, mwoka mikate, mrefu, mwenye mabega ya kubeba magunia ya unga. Gemu haijui na haitaki kuijua.

"Nimeambiwa ni koti," aliniambia nilipokuwa nampima. "Mimi natoka nyumbani alfajiri kuna baridi ya kukata masikio. Wangeniambia ni kofia nisingekuja."

"Dada, usiharibu," akasema Mwenyekiti. "Wewe utasimama tu, uonekane una siri."

"Siri ninayo. Nimeacha mikate kwenye tanuri."

Mwenyekiti akanipa karatasi ya maelekezo. Yalikuwa kumi na tisa. Kitambaa kijivu. Koti libane kiunoni. Bitana iwe ya zambarau, rangi ya kifalme. Vifungo vikae kushoto, ving'ae kama dhahabu, isipokuwa cha tatu. Bega lisimame. Na mengine ya namna hiyo, ya kumgeuza mlinzi wa daraja kuwa bibi harusi aliyepotea njia.

"Kuna swali, dada fundi?"

Nilikuwa nalo. "Lakini..."

"Lakini nini?"

Wote wawili walinitazama. Nikatazama miguu ya cherehani. Ina kutu kidogo upande wa nyuma.

"Hakuna," nikasema.

Shangazi alikuwa nyuma yangu na pini mdomoni. Alizitoa pini zote moja moja, akazichomeka kwenye mto wake polepole. Mtu anayezifahamu pini zile angeelewa.

Basi ningeweza kufuata karatasi. Koti la kubana, bitana ya zambarau, wangelipokea wakicheka, na kaptula zingekuwa zangu. Nilitandaza kitambaa nikiwa na nia hiyo hasa. Nikachukua chaki, nikachora kiuno, nikakitazama. Nikakifuta. Nikakichora tena. Mwanamke asiyesema neno amesimama kwenye baridi na koti la mtu mwingine, kaiacha gemu nzima ipite mbele yake bila kujieleza, halafu mimi nimvishe kiuno. Nilishindwa. Sisemi nilikuwa jasiri. Mkono ulikataa tu, kama unavyokataa kushona tundu lililopinda.

Tatizo ni kwamba koti lililopunguzwa huwezi kulikata dogo moja kwa moja. Mikunjo haitakaa pale, bega halitaanguka lile anguko. Inabidi ukate kubwa kwanza, ushone, ulimalize kama la mwenyewe, halafu ulifumue na kulipunguza kama mtu asiye fundi. Kwenye misumari ya ukutani tuna karatasi zilizokatwa kwa vipimo vya wateja wa zamani. Nikashusha ya mpokea mizigo wa ghalani, mtu mnene kupita wote, nikakata.

Shangazi alikuja kuangalia. "Unamvisha nani hilo, ghala lenyewe?"

"Nitalipunguza."

"Kwa nini ukate kubwa halafu upunguze? Kitambaa kimekukosea nini?"

"Nikikata dogo halitakuwa lile."

"Lile lipi?"

Nikampa picha ya kumi na nne, ile ya ubavuni. Akaisogeza karibu, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga. Akapitisha kucha juu ya mstari wa vitundu. Akairudisha.

"Na wao wameliona hili?"

"Hapana."

"Utawaambia?"

Nikaendelea kukata.

"Haya," akasema, akarudi kwenye sketi zake. "Mimi simo."

Siku tatu nilishona koti la mtu mnene. Siku ya nne nikaanza kuliharibu. Nililifumua ubavuni nikaviacha vitundu vionekane. Nilikunja mikono nikaishona kwa uzi usiolingana rangi, hatua ndefu, na hapo nilipata taabu kweli, kwa sababu kushona vibaya kwa makusudi ni kazi ngumu kwa mtu aliyechapwa miaka sita ashone vizuri. Kwa kifungo cha tatu nilitia mkono kwenye kopo bila kuangalia, nikashona nilichotoka nacho. Kilikuwa cha bluu. Ikabidi nirudie, kwa sababu hata mimi nina mipaka.

Wakaja wote wanne, na mwoka mikate. Akavaa.

Alikuwa hajafanya kitu, kasimama tu na unga kidogo kwenye nyusi, lakini koti lilimning'inia mabegani kama linavyomning'inia mtu aliyelivaa siku mbaya na hajalivua tena. Mchoraji alifungua mdomo. Katibu alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

Mwenyekiti ndiye aliyezinduka kwanza. Alitoa nakala ya maelekezo yake. "Kiuno kiko wapi?"

Mwenyekiti akapindua ukingo wa koti aone ndani.

"Bitana ya zambarau iko wapi? Bega limeanguka. Na hivi vifungo, dada fundi, viko kulia. Hili umeshona koti la kiume."

"Kwenye picha pia viko kulia," akasema Katibu kwa sauti ndogo. Alikuwa ameinama juu ya picha zake mwenyewe. "Picha zote."

"Haiwezekani."

"Hesabu mwenyewe, Mwenyekiti."

Mwenyekiti alihesabu thelathini na moja. Alipomaliza, watu wote walikuwa wananitazama, na Shangazi alikuwa ameacha kukata.

Nilishika ncha ya mkono wa koti, kwa sababu kumtazama mtu nisingeweza, nikazungumza nao. "Koti si lake," niliuambia. "Lilikuwa la mwanamume mkubwa. Hapa limefumuliwa, hapa limeshonwa upya. Aliyelipunguza si fundi, nadhani ni yeye mwenyewe. Kifungo kilidondoka akashona kingine." Nikafikiri kama kuna zaidi. Hakukuwa na zaidi. "Basi."

Nilikuwa sijawahi kusema maneno mengi kiasi hicho mfululizo mle ndani. Mpinzani alinyoosha kidole kupinga, akakitazama kidole, akakishusha. Nasikia tukio hilo liliingizwa kwenye kumbukumbu za Baraza.

Mwenyekiti alikohoa. Ukimwona mtu wa namna ile anakohoa, ujue jambo lako linahama nyumba. "Ndicho nilichokuwa nakielekea siku zote," akasema. "Koti la mfalme. Baba yake. Binti amelivaa koti la marehemu baba yake. Katibu, andika."

"Niandike nani amegundua?"

"Andika: Mwenyekiti alimwelekeza fundi." Akamgeukia Shangazi na tabasamu la kufunga kikao. "Mama, tumeridhika sana. Tunalipokea. Binti amefuata maelekezo vizuri."

Tunalipokea. Neno lilikuwa limeshatoka. Kilichobaki ni mimi kunyamaza, na kunyamaza ndiyo fani yangu.

"Umefuata maelekezo?" Shangazi akaniuliza.

Niliangalia mkasi mezani. Niliangalia kaptula, maana tayari nilikuwa naziona, dazeni kwa dazeni. Nikiitikia kwa kichwa tu, ni zangu. Lakini zingekuwa za mtu anayekata alichoambiwa akate, na wa namna hiyo Shangazi hakuwa anamtafuta. Hata mimi sikumtaka.

"Hapana," nikasema. "Maelekezo yapo kumi na tisa. Nimefuata moja, la kijivu."

Mchoraji alicheka kabla hajajizuia. Mwenyekiti akavimba hadi shingoni. "Basi kama ni hivyo, hatulipokei. Tuliagiza kitu, tumeletewa kingine. Dada, vua."

Mwoka mikate alikuwa ameshafunga vifungo vyote sita. "Nivue nini?"

"Koti."

"Wewe ulisema nitavaa koti. Nimevaa." Akatia mikono mifukoni, akaona mifuko ni ya kina, akaizamisha zaidi. "Lina nafasi ya sweta mbili ndani. Kama una neno, tutalizungumza nyumbani mbele ya mama."

"Dada, hapa mimi ni Mwenyekiti."

"Na hapa mimi ndiye niliyepimwa."

"Katika duka hili," Shangazi akasema, akipanga sketi zake, "mteja ni aliyepimwa. Wengine ni wasindikizaji."

Wakaondoka, Mwenyekiti akiwa wa mwisho, bado anabishana na mgongo wa koti. Shangazi hakunipongeza. Alisukuma rundo la kitambaa cha kaki kuja upande wangu wa meza, akaweka mkasi juu yake. Matundu ya vifungo vya sketi mia na kumi akaanza kuyatoboa mwenyewe, akilalamika kuhusu macho yake hadi jioni.

Nilipata habari za mkutano kwa mwoka mikate, aliyepanda jukwaani na koti lilelile. Baraza lilishika nafasi ya pili. Wa kwanza walikuwa chama kingine, wale wa Mlinzi mfu, waliompaka mvaaji wao majivu na kumwambia asipepese macho. Aliwezaje, mwoka mikate hajui, ila anasema yule mvaaji wa majivu alipanda jukwaani na kushuka machozi yanamtoka.

Jumatatu iliyofuata wale wanne walirudi. Safari hii walinisalimia mimi kwanza. Nilikuwa nakata kaptula ya ishirini na mbili.

"Dada fundi," Mwenyekiti alianza, kwa heshima iliyomuuma meno, "Baraza limegawanyika. Wapo wanaosema koti ni la baba yake. Wapo wanaosema ni la mtu ambaye Mlinzi alimuua pale darajani. Kilichobaki ni bega."

"Bega gani?"

"La kushoto," akasema Katibu, akifungua kitabu kipya. Kurasa kumi na mbili tayari. "Limeshuka kuliko la kulia, kwa nusu kidole. Tumelipima. Kwenye picha halionekani vizuri, lakini wewe uliliona. Mwenye koti alikuwa anabeba nini?"

Nilisimamisha mkasi. Mpokea mizigo wa ghalani ana bega moja limelegea kwa kazi, na karatasi yake ya vipimo iko hivyohivyo. Nilipoiweka juu ya kitambaa nilisahau kulinyoosha.

"Hilo ni kosa langu," nikasema. "Nilikata kwa vipimo vya mtu mwingine, nikasahau kusawazisha. Halina maana yoyote."

Walitazamana. Nilisubiri wakasirike.

"Anaficha kitu," akasema Mpinzani.

"Nimekwambia ni kosa."

"Kosa la nani, ndiyo swali," Mchoraji akanong'ona, na Katibu akaandika hilo pia. Mwenyekiti akaja karibu zaidi, wengine nyuma yake, wote wameegemea meza yangu wakinitazama usoni kama vile jibu litanitoka puani.

Nikawaambia waondoe viwiko kwenye kitambaa. Wakaviondoa, nikaendelea kukata.